Jeraha hufungua nafasi moja kikosini, kocha mpya huzifungua zote

KILA kocha wa timu ya taifa anapotangaza kikosi, mjadala huzuka mitaani na kwenye matatu. Mbona fulani ametemwa ilhali anafunga mabao kila wikendi? Mbona yule ambaye hata jina lake halifahamiki ameitwa? Wengi hukimbilia kudai kuwa kuna upendeleo. Hata hivyo, mara nyingi jibu hupatikana katika mambo mawili: ripoti ya daktari wa timu na fikra za kocha aliye usukani.

Mfano mzuri uko hapa nyumbani. Mnamo Juni 2019, Harambee Stars walikuwa kambini Marcoussis, Ufaransa, wakijiandaa kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) nchini Misri. Hizo zilikuwa fainali za kwanza kwa Kenya kushiriki tangu 2004. Siku chache kabla ya kipute hicho, beki Brian Mandela, mmoja wa nguzo za safu ya ulinzi, alipata jeraha baya la goti. Ndoto yake ya kucheza AFCON ikazimika papo hapo.

Wahenga walisema kufa kufaana. Pigo hilo lilimfungulia mlango Joseph Okumu, aliyekuwa na umri wa miaka 22 na akiichezea Real Monarchs ya Marekani. Kocha Sebastien Migne alimwamini, na chipukizi huyo akawakabili masogora wa Algeria, Tanzania na Senegal katika Kundi C. Kenya ilipigwa 2-0 na Algeria, ikailaza Tanzania 3-2, kisha ikapigwa 3-0 na Senegal na kuaga mashindano katika hatua ya makundi. Lakini Okumu hakurejea alikotoka. Mwaka huo huo alisajiliwa na Elfsborg ya Uswidi, akaelekea Gent ya Ubelgiji mnamo 2021 na Reims ya Ufaransa mnamo 2023. Goti la mtu mmoja lilibadilisha maisha ya mwingine.

Ni muhimu kuelewa jinsi daktari anavyoshiriki katika uteuzi. Kabla ya kocha kuandika majina, benchi la kiufundi hupokea ripoti inayowagawa wachezaji katika makundi matatu: walio fiti, wanaotiliwa shaka, na wasioweza kucheza kabisa. Kundi la kati ndilo humtesa kocha. Mchezaji mwenye maumivu ya msuli wa nyuma ya paja anaweza kudai yuko sawa, lakini akiharakishwa huenda msuli huo ukachanika tena na kumweka nje kwa muda mrefu kuliko awali. Kwa upande mwingine, anayekatika kano ya ndani ya goti hana la kujadili, kwani kwa kawaida hukaa mkekani kwa takriban miezi tisa, wakati mwingine zaidi.

Zaidi ya hayo, jeraha moja linaweza kuzua mapengo mawili. Msimu wa 2020-21, Liverpool waliingia Ligi Kuu ya Uingereza (EPL) wakiwa mabingwa watetezi. Mnamo Oktoba 17, 2020, beki Virgil van Dijk aliumia goti katika mechi dhidi ya Everton. Mwezi uliofuata, Joe Gomez naye akaumia akiwa na timu ya taifa ya Uingereza, na baadaye Joel Matip akaungana nao mkekani. Kocha Jurgen Klopp akawarudisha nyuma viungo Fabinho na Jordan Henderson ili wawe mabeki. Tatizo la ulinzi likapata tiba ya muda, lakini sehemu ya kati ikabaki dhaifu. Mapema 2021 Liverpool walipoteza mechi sita mfululizo za ligi katika uwanja wao wa Anfield.

Mambo yalibadilika Klopp alipomrejesha Fabinho katika nafasi yake ya kiungo na kuwatumia mabeki halisi, japo hawakuwa na majina makubwa. Nathaniel Phillips na Rhys Williams walimaliza msimu pamoja katikati ya ulinzi. Liverpool walishinda mechi zao tano za mwisho na kukamilisha ligi katika nafasi ya tatu. Funzo ni kwamba pengo huzibwa vyema na mtu wa nafasi hiyo, hata kama si nyota.

Ikiwa jeraha hufungua nafasi moja au mbili, kocha mpya huzifungua zote. Chelsea walimpiga kalamu Frank Lampard mnamo Januari 25, 2021, wakiwa katika nafasi ya tisa, na siku iliyofuata wakampa mikoba Thomas Tuchel. Mjerumani huyo alianza kutumia mabeki watatu wa kati, na mfumo huo ukabadilisha thamani ya kila mchezaji. Antonio Rudiger, aliyekuwa amesukumwa pembeni, akawa mhimili. Marcos Alonso, aliyesahaulika, akapata nafasi upande wa kushoto. Fowadi Tammy Abraham, mmoja wa wafungaji bora wa timu hiyo msimu huo, akajikuta nje ya mipango na kuhamia AS Roma Agosti 2021. Uwezo wa wachezaji hao haukubadilika katika wiki moja. Kilichobadilika ni swali ambalo kocha alikuwa akiuliza.

Katika fainali ya Klabu Bingwa Ulaya mnamo Mei 29, 2021, beki Thiago Silva aliumia kabla ya mapumziko. Andreas Christensen aliingia, na Chelsea wakawalaza Manchester City 1-0 na kutawazwa mabingwa. Christensen alikuwa tayari kwa sababu alishawahi kumrithi Silva alipoumia Februari mwaka huo.

Basi, haya yanaihusu vipi Kenya? Tangu Migne aondoke Agosti 2019 hadi Machi 2025, mikoba ya Harambee Stars ilipokezwa Francis Kimanzi, Jacob 'Ghost' Mulee, Engin Firat na Benni McCarthy, bila kuhesabu makaimu. Katika kipindi hicho, Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) liliifungia Kenya kati ya Februari na Novemba 2022. Naye Victor Wanyama, nahodha wa kikosi cha 2019, alistaafu soka ya kimataifa Septemba 2021.

Kila kocha huja na mfumo wake, na kila mfumo huja na majina yake. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mashabiki hushangilia sura mpya, lakini mabeki wanaokutana kambini siku chache kabla ya mechi hawawezi kuelewana kama waliocheza pamoja kwa miaka miwili. Kenya haikufuzu kwa fainali za AFCON 2021, ikaondolewa katika mchujo wa 2023 kutokana na marufuku hiyo, kisha ikakosa tiketi ya 2025.

Majeraha hayawezi kuzuiwa kabisa. Mabadiliko ya makocha, kinyume chake, huamuliwa na watu walioketi ofisini. Wanaosimamia soka wakimpa kocha muda, daktari atakapomtoa beki mmoja katika orodha, atakuwepo mwingine anayeufahamu mfumo na aliye tayari kuvaa jezi. Wasipofanya hivyo, kila jeraha litaikuta timu ambayo ingali inajifunza majina.