Upara: Ipi ni Dawa, na Yapi ni Maneno?



Apitaye Rye Lane kule Peckham, au soko la Ridley Road kule Dalston, hakosi kuviona vichupa vinavyoahidi kurudisha nywele za mwanamume mwenye upara. Kimoja kina mafuta ya nyonyo, kingine habasoda, kingine maji ya kitunguu. Na vyote, kwa kauli ya mwuzaji, vimekwisha kumponya mtu fulani. Vijana wetu wananunua, na wazee kadhaa kwa siri. Nimeona yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Upara wa kawaida wa wanaume, ule uanziao pembeni mwa paji au utosini, hautokani na kofia, wala kunyoa kwa wembe. Ni urithi. Mwili hugeuza sehemu ya homoni ya testosteroni kuwa homoni nyingine iitwayo DHT, nayo, kwa mtu aliyerithi udhaifu huo, hudhoofisha mashina ya nywele hadi yakawa yanaotesha laika tu. Wasemao kwamba upara hutoka kwa babu mzaa mama wana sehemu ya ukweli, kwani jeni moja kubwa ya jambo hili imo katika kromosomu ya X, ambayo mwanamume huipata kwa mama yake. Lakini jeni nyingine nyingi hutoka pande zote mbili, hivyo baba naye asijitoe.

Hamu ya kuuponya ni ya kale. Mafunjo ya Ebers ya Misri, yaliyoandikwa yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, yanaagiza mafuta ya simba, kiboko na mamba yapakwe kichwani. Tunacheka, lakini si kila imani juu ya upara ni ya kuchekesha. Mwaka 2017 polisi wa Msumbiji walitangaza kwamba wanaume wenye vipara wameuawa wilayani Milange, mpakani mwa Malawi, kwa ushirikina uliowahusisha na utajiri.

Kwa nini basi ushuhuda wa mwuzaji hautoshi? Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya vidonge vya finasteridi yaliyoanza na wanaume 1,553 wenye umri wa miaka 18 hadi 41. Baadhi walipewa dawa, wengine vidonge vya mfano visivyo na dawa ndani yake, na hakuna aliyejua amepewa kipi. Baada ya miaka miwili nywele zilihesabiwa. Katika kila 100 waliomeza dawa, 83 hawakupungukiwa. Lakini hebu tazama upande wa pili: katika kila 100 waliomeza vidonge vitupu, 28 nao hawakupungukiwa. Lau wangalikuwa wanapaka kitunguu, hao 28 wangaliapa kuwa kitunguu ndicho kilichowafaa, na wasingalikuwa waongo. Kitunguu chenyewe kilijaribiwa Baghdad, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Ila wagonjwa walikuwa wachache, na maradhi yao ni yale ya nywele kunyonyoka mabakamabaka, maradhi mengine kabisa, ambayo mara nyingi hupoa yenyewe.

Dawa zilizoidhinishwa Uingereza kwa upara huu ni mbili tu. Ya kupaka ni minoksidili, iuzwayo kwa jina la Regaine na mengineyo bila cheti cha daktari. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, madaktari wakaona wagonjwa wanaota nywele. Wiki za kwanza nywele huweza kupukutika zaidi, na manufaa, yakiwapo, huchukua miezi kadhaa. Ya kumeza ni hiyo finasteridi, nayo huhitaji cheti. Ukiiacha yoyote kati ya hizo, ulichopata hupotea. Na kwa kuwa NHS haizitoi kwa ajili ya upara, kijana na apige hesabu ya miaka, si ya mwezi mmoja.

Finasteridi ina mambo yake. Huweza kupunguza hamu na nguvu za ndoa, na wengine hupatwa na huzuni kubwa, hata mawazo ya kujiua. Ndiyo maana mwaka 2024 mamlaka ya dawa, MHRA, ilitangaza kadi ya tahadhari itakayotiwa katika pakiti. Mama mjamzito asishike kidonge kilichovunjika, kwani huweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Liko jingine ambalo matangazo hayalitaji, nalo latuhusu sisi kuliko wengine. Hapa Uingereza mwanamume mmoja katika kila 8 hupata saratani ya tezi dume maishani. Kwa wanaume weusi ni mmoja katika kila 4. Daktari huanza uchunguzi kwa kipimo cha damu kiitwacho PSA, na finasteridi hushusha kiasi cha PSA hadi karibu nusu. Aliyeonekana ana 2 huenda kwa kweli ana 4, akaambiwa yu salama. Basi amezaye kidonge hiki, hata kama alikiagiza kwa siri kwa sababu ya haya, hapana budi amweleze GP wake kabla ya kutolewa damu.

Upandikizaji, ambao wengi huufuata Istanbul, huhamisha nywele za kisogo, hauzalishi mpya. Ni upasuaji, kwa ufanyikao hapa, hakikisha jina la daktari limo katika orodha ya GMC.

Tena si kila nywele ipoteayo ni upara. Misuko iliyokazwa mno hung'oa nywele za ukingo wa paji, kwa wavulana pia, na ikiendelea kwa miaka mashina hufa. Mapunye ya watoto hayaponi kwa mafuta ya kupaka peke yake: huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, ambayo GP huiandika na mtoto hupewa bila malipo. Muda huo vitana, kofia na taulo za mtoto zitengwe, na ndugu zake nao watazamwe vichwa.