Diploma ya sheria bado si joho

Kijana wa Bwiza, mtaa wa Bujumbura, akimaliza masomo ya sheria, majirani wanaanza kumwita Metre, jina la heshima la wakili, kabla hata hajavua nguo za mahafali. Furaha hiyo anaistahili. Lakini diploma yake, iwe ya Chuo Kikuu cha Burundi au ya vyuo binafsi kama Université du Lac Tanganyika, inamfanya mwanasheria tu. Uwakili hautolewi na chuo. Unatolewa na mawakili wenyewe, na hapo ndipo familia nyingi hushangaa kumwona msomi wao amekaa nyumbani.

Sheria kuu ya taaluma hii ni ya tarehe 29 Novemba 2002. Mwenye diploma huomba kuandikwa na Chama cha Mawakili kwenye orodha ya wanaofanya staji, yaani mafunzo ya kazi. Baraza la chama, likiongozwa na batonie anayechaguliwa na mawakili wenzake, hupitia maombi yake. Akikubaliwa, anakula kiapo mbele ya Mahakama ya Rufaa, kisha anatumikia staji, kwa kawaida miaka miwili, chini ya wakili mzoefu. Baada ya hapo ndipo anapoingia kwenye orodha ya mawakili kamili.

Kwenye karatasi njia hiyo imenyooka. Kigingi chake ni huyo wakili mzoefu. Mtoto wa hakimu au wa wakili anampata mezani kwa baba yake; mtoto wa fundi cherehani wa Jabe anazunguka na bahasha, ofisi hadi ofisi, na katika miezi hiyo yote nauli na chakula vinatoka mfukoni kwa wazazi. Naona hapa tunapoteza vijana wazuri wengi zaidi kuliko tunaowapoteza kwenye mitihani. Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wasingoje diploma. Vikao vya mahakama kwa kawaida viko wazi kwa umma: nenda ukiwa bado chuoni, kaa nyuma, sikiliza, uwajue mawakili na wao wakujue.

Staji yenyewe hufundisha mambo ambayo hayamo katika mihadhara. La kwanza ni kusoma jalada kwa karani kabla ya siku ya kesi. Stajieri anatafuta hati ya wito: jina limeandikwa sawasawa? Ilipelekwa lini, na nani aliipokea kwa sahihi yake? Kama upande wa pili haukuitwa kihalali, hakimu ataahirisha, na mteja aliyefunga duka asubuhi nzima atarudi mikono mitupu. La pili ni kuhesabu siku. Kanuni za mashtaka ya jinai zinaruhusu polisi kumshikilia mtu siku 7, na muda huo unaweza kuongezwa mara moja hadi siku 14. Mama akifika ofisini analia kwamba mwanawe amekamatwa, mpe pole, halafu muulize alikamatwa siku gani na saa ngapi, kisha nenda ukalinganishe jibu lake na kilichoandikwa na polisi. Tofauti ya siku moja inaweza kuwa ndiyo hoja nzima ya utetezi.

Kuna pia suala la lugha, ambalo kwa Bwiza lina uzito wake. Mteja anaeleza shida yake kwa Kiswahili, shahidi anahojiwa kwa Kirundi, na hoja za maandishi zinaandikwa kwa Kifaransa. Juu ya hayo, tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, wakili wetu anaweza kusimama mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ambako lugha ya kazi ni Kiingereza. Kijana aliyekulia mtaa huu ana mtaji mkubwa hapa, na chuo mara nyingi hakimwambii. Anayemsikia mteja bila mkalimani husikia hata kile alichosita kukisema.

Nawaomba wanaoanza wajue pia kwamba jina likiandikwa linaweza kufutwa. Januari 2014 Mahakama ya Rufaa ya Bujumbura ilimfuta Isidore Rufyikiri, aliyekuwa batonie, baada ya kauli zake za kuikosoa serikali. Januari 2017 mahakama hiyo iliwafuta Armel Niyongere, Dieudonné Bashirahishize na Vital Nshimirimana, na kumsimamisha Lambert Nigarura. Walikuwa wamechangia ripoti iliyopelekwa mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso, Geneva, mwaka 2016. Mwendesha mashtaka ndiye aliyetaka waondolewe.

Wakili anayeiba fedha za mteja lazima aadhibiwe, na bila kuchelewa. Lakini wakili aliyepeleka malalamiko ya mateso mahali panapohusika amefanya kazi aliyoapia. Pale anayeshtaki anapoweza kuomba anayetetea aondolewe, anayeumia kwanza ni mfungwa wa gereza la Mpimba, kwa sababu wakili wake ataanza kupima kila neno kabla ya kulisema. Ndiyo maana uchaguzi wa batonie na wa wajumbe wa baraza si jambo la wazee wa taaluma peke yao. Stajieri anayetafuta wa kumpokea leo aulizie pia mtu huyo alisimama wapi wenzake walipofutwa.