Darasa Moja, Mahali Pawili

Mhadhiri aliye Dar es Salaam auliza swali. Wanafunzi arobaini wameketi mbele yake. Wengine sita wanamsikiliza kwa intaneti, na mmoja wao, tuseme, yuko Kwai, katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Kabla huyo wa Kwai hajafungua kinywa, jibu limekwisha kutolewa ukumbini. Hali hii ikirudiwa muhula mzima, mwanafunzi huyo huhesabiwa kuwa mzito asiyeshiriki, na alama humpita. Kosa si lake. Ni la mpango wa kazi, na sababu yake yaweza kupimwa.

Utafiti wa lugha kumi za dunia uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba, katika mazungumzo ya kawaida, muda upitao kati ya swali na jibu ni kama sekunde 0.2 tu. Lakini sauti iendayo mbali kwa intaneti hukatwa vipande, hufungwa katika vifurushi, husafirishwa, kisha huunganishwa tena. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga huenda kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo umbali wa Dar es Salaam hadi Lushoto si kitu. Ucheleweshaji hutokea zaidi katika foleni za mitambo, na katika kipande cha mwisho cha safari, yaani mawimbi ya redio kati ya mnara na simu. Mlima ukisimama katikati, mawimbi yafikayo bondeni huwa dhaifu na vifurushi vingine hupotea. Anayetumia setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta hupoteza karibu nusu sekunde kwa swali na jibu, hata mitambo yote ikiwa mizima.

Basi aliye mbali ameshindwa mbio kabla hazijaanza. Dawa ni kuziondoa mbio zenyewe. Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe wa Marekani aligundua kwamba walimu wengi hungoja jibu kwa sekunde moja tu. Walipongoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walisema. Katika darasa la mahali pawili yafaa kila mmoja aandike jibu lake kwanza kwa dakika mbili, kisha walio mbali wasikilizwe mwanzo.

Jambo hili si geni Tanzania kama lidhaniwavyo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walisoma kwa redio. Hawakuachwa wasikilize kila mtu peke yake: walikusanyika katika vikundi, wakiwa na vitabu na kiongozi aliyefunzwa, wakajadili, kisha wakatenda. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, nacho huunganisha masomo ya mbali na vipindi vya ana kwa ana.

Gharama nayo haina budi kupigiwa hesabu. Picha iendayo kwa megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Sauti pekee ya kilobiti 32 kwa sekunde hula megabaiti 14.4. Kumlazimisha mwanafunzi wa Kwai awashe kamera ili aonekane yupo ni kumtoza zaidi ya mara thelathini bila faida ya elimu.

Lililo bora zaidi ni kumpa kazi ambayo ukumbi hauwezi kuifanya. Somo likiwa mmomonyoko wa udongo, Kwai ina miteremko. Dar es Salaam haina ya namna hiyo. Kwa kipimapembe, uzi na jiwe dogo, mwanafunzi hupima mwinamo wa shamba la kabichi na kutuma tarakimu kwa ujumbe mfupi, ambao hupita hata mawimbi yakiwa hafifu. Wenzake hukokotoa: mteremko wa nyuzi 20 hupanda mita 36 kwa kila mita 100 za ulalo. Kisha humuuliza maji ya mvua yalipita wapi, na hapo ukumbi mzima humngoja yeye.

Shule ya sekondari yaweza kuanza na saa ya mkononi tu: mwanafunzi mmoja aandike, kwa kipindi kizima, mwalimu alingoja sekunde ngapi baada ya kila swali, na ni nani aliyejibu.