Raage, jina la aliyekawia tumboni

Mashabiki wa Simba hawahitaji kukumbushwa jina la Rage. Ismail Aden Rage aliongoza klabu hiyo kuanzia 2010 hadi 2014, wakati huohuo akiwa mbunge wa Tabora Mjini, na kabla ya hapo alipata kuwa katibu mkuu wa chama cha soka, FAT. Jina hilo lilitajwa redioni asubuhi na jioni, likashangiliwa, likazomewa. Katika kelele zote hizo sikuwahi kumsikia mtu akiuliza: Rage ni nini?

Kwa Kisomali huandikwa Raage, nalo limetokana na kitenzi raag, yaani kukawia. Kwa jadi hupewa mtoto wa kiume ambaye siku zake za kuzaliwa zilifika, zikapita, naye bado yumo tumboni. Ningeweza kuridhika na maelezo hayo, ila swali moja liligoma kuondoka. Walijuaje? Mfugaji wa nyikani hana kalenda ukutani wala kadi ya kliniki, leo analala hapa na kesho kule akifuata malisho. Alipimaje kwamba huyu amechelewa na yule kaja kwa wakati wake?

Swali hilo ndilo lililonifikisha Eastleigh, Nairobi, mtaa ambao wakazi wake wanauita Islii, kwa mkunga wa Kisomali aliyeanza kazi upande wa Garissa akiwa msichana na anayeendelea nayo hapa mjini hadi leo. Aliomba nisimtaje jina. Nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za mwezi na nyota.

"Mama, walijuaje?"

"Kucha," akasema.

Nikadhani sikumsikia vizuri. Akanyoosha mkono wake mwenyewe juu ya meza, akapitisha kidole gumba kwenye ncha za vidole. "Mwanangu, wewe ukimwona mtoto mchanga unatazama uso, unatafuta kafanana na nani. Mimi natazama hapa kwanza. Aliyekuja kwa wakati, kucha zinaishia kwenye ncha ya kidole. Aliyekawia, zimepita. Unazishika kabisa. Wengine wamejikwaruza uso hukohuko ndani, wanatoka na alama."

Na si kucha peke yake. Mtoto anayezaliwa kwa wakati huja bado ana mabaki ya ule utando mweupe wa mafuta uliomkinga majini. Raage huja mkavu. Ngozi ya viganja na nyayo imeanza kuchubuka. Mapaja ni membamba, yana mikunjo, kwa sababu kondo la nyuma limechoka na chakula hakimfikii kama zamani. Mara nyingine ngozi na kucha zina rangi ya kijani kibichi inayoelekea manjano, kwa kuwa amekwisha kujisaidia ndani ya maji ya uzazi, na hapo mkunga huacha mzaha. Nywele nyingi. Macho wazi. "Wale wengine wanazaliwa wamefumba, wanalia," alisema. "Huyu anakutazama kama mzee anayekudai."

Nilimwomba arudie maelezo ya kucha, naye alirudia bila kuchoka, akichora kidole kwenye kipande cha karatasi na kuweka mstari mahali ambapo ukucha unapaswa kukoma. Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimeuliza swali kinyumenyume. Nilidhani kwanza ilihesabiwa mimba, ikaonekana imepitiliza, kisha likatolewa jina. Kwa maelezo yake, mara nyingi mtoto mwenyewe ndiye aliyekuja na ushahidi mikononi, na hesabu ikatafutwa baadaye.

Lakini hesabu nayo ilikuwapo, na imekaa kifugaji. Ngamia jike hubeba mimba kiasi cha miezi 13. Mbuzi, mitano. Mtoto anayekua zizini anazijua tarakimu hizo kabla hajajua kusoma, na anajua kwamba ngamia akishika mimba huinua mkia dume linapomkaribia. Tangu siku hiyo mwenye mali anaanza kuhesabu. "Sisi tunajua mimba kabla hatujaolewa," mkunga alisema, akacheka.

Kwa binadamu walihesabu kwa majira. Mwaka wa Kisomali una vipindi vinne: Gu, mvua kubwa za Aprili hadi Juni, Xagaa, ukavu wa Julai hadi Septemba, Deyr, mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na Jiilaal, kiangazi kikali kinachofuata. Mwanamke aliyeshika mimba Gu inapomalizika alitarajiwa kujifungua kabla Jiilaal haijaisha. Mvua za Gu nyingine zikimkuta bado ana tumbo, wanawake wa kambi walianza kutazamana. Mvua ikinyesha usiku wa kujifungua, mtoto huyo alikuwa na haki ya majina mawili, kwani kuna Roble pia, mwenye mvua. Wazee wakachagua moja.

Majina ya aina hii Wasomali wanayo tele, au walikuwa nayo. Geedi ni wa safarini, kambi ilipokuwa ikihama. Mataan ni pacha. Hirsi ni hirizi, kinga. Geelle ni mwenye ngamia, jina ambalo rais wa Djibouti, Ismail Omar Guelleh, analibeba kwa tahajia ya Kifaransa. Majina hayo yaliandikwa kila mtu alivyosikia, kwa sababu Kisomali kilipata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972 tu. Ndiyo maana Raage wa Tabora ana a moja, sawa na Raage wa London, mwanahabari Rage Omaar, mzaliwa wa Mogadishu, aliyetangazia BBC vita vya Iraq mwaka 2003. Waingereza wakiliona jina hilo kwenye runinga husoma neno lao la hasira kali. Mwenyewe alikuwa mtulivu kuliko mabomu yaliyokuwa yakilia nyuma yake. Raage mashuhuri kuliko wote kwa Wasomali ni Raage Ugaas, mshairi wa enzi za kabla Wazungu hawajaigawa nchi yao, ambaye tungo zake zilihifadhiwa vifuani mwa watu.

Nilimuuliza mkunga kama akina Raage wote walichelewa kweli. Hakujivunga. Mwanamke wa nyikani ananyonyesha hata miaka miwili, alisema, na katika muda huo huenda asione siku zake kabisa. Mimba inaingia bila kubisha hodi. Anaanza kuhesabu pale anapohisi mtoto anacheza, na hapo hajui ni mwezi wa nne au wa tano. "Wengine walikuja kwa wakati wao. Sisi ndio tulikosea. Lakini jina limekwisha kutoka, utalirudisha vipi?"

Kuna jambo jingine lililokuwa likinikereketa, na msomaji wa pwani atalielewa upesi, maana Mombasa, Lamu na Unguja wanafuata madhehebu yaleyale ya Shafii wanayofuata Wasomali. Katika fikihi ya Shafii, kikomo cha mimba ni miaka minne. Si miezi. Wahanafi walisema miwili. Vitabu vya wasifu vinasimulia kwamba Imamu Malik mwenyewe alikaa tumboni kiasi cha miaka mitatu, na kwamba mfasiri wa Qurani al-Dahhak alikaa miwili, akazaliwa na meno yake, ndipo akaitwa Dahhak, mwenye kucheka. Maana yake kisheria ni nzito: mtoto wa mjane au wa mtalaka akizaliwa ndani ya muda huo, nasaba yake iko salama na urithi wake upo. Misri ilikata mjadala kwa sheria namba 25 ya mwaka 1929, ikaweka kikomo cha mwaka mmoja.

Sisemi kwamba jina Raage limetoka huko. Kwa mkunga, Raage ni wa wiki moja, mbili, tatu akizidi sana. Lakini nilitaka kujua kama katika miaka yake yote amewahi kumpokea mtoto ambaye hesabu yake ilihitaji fikihi.

"Hayo usiandike," akasema, na akamwita mjukuu alete chai.

Basi tuzungumzie uchache wa jina hilo kwa watoto wa siku hizi. Maelezo ya haraka ni kwamba majina ya Kiarabu yameshinda: ukiita Mohamed katika barabara ya Islii utaitikiwa na nusu ya barabara. Ni kweli, ila mkunga ana maelezo yake, nami nayaona yana nguvu zaidi. Kwa maoni yake, Raage anaadimika kwa sababu siku hizi hakuna anayeruhusiwa kuchelewa.

Akanionyesha. Unachukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, unaongeza siku 7, unarudi nyuma miezi 3, umepata tarehe. Halafu kuna kipimo cha picha ambacho kikifanywa mapema kinaipatia mimba umri wake kwa tofauti ya siku chache. Mimba ni wiki 40. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aliyefikisha wiki 41 kwa uhakika aanzishiwe uchungu, na zikitimia 42 imehesabiwa kuwa imepitiliza, kwa kuwa hatari ya mtoto kufia tumboni inapanda. Mkunga hana ugomvi na ushauri huo. Amewahi kuwapokea waliochelewa ambao hawakulia, na hao, alisema, hawakupewa jina lolote. Kila anaposikia Raage anawakumbuka na wale wengine.

Kwa hiyo sababu ya jina imeondolewa hospitalini, na jina limesogea nyuma. Msomali hana jina la ukoo. Ana lake, la baba na la babu, na mtoto hufundishwa kuutaja mlolongo wote, abtirsi, hadi kwa mababu wa mbali. Raage anazidi kuonekana katika nafasi ya tatu, ya nne, ya saba.

Jirani wa Wasomali, Mkamba, ana jina pacha. Mutua hupewa mtoto aliyesubiriwa muda mrefu au aliyekaa tumboni kupita kawaida. Mutua hajaadimika hata kidogo. Gavana wa kwanza wa Machakos aliitwa hivyo. Nadhani tofauti iko hapa: Wakamba huwaita wajukuu majina ya babu, basi Mutua wa leo anaweza kuwa alizaliwa kabla ya siku zake na asiulizwe. Kwa Wasomali babu amekwisha kupata nafasi yake katika jina la mtoto, hana haja ya kurudiwa. Hii ni dhana yangu. Mkunga aliisikiliza, akasema inawezekana, akarudi kwenye habari iliyokuwa ikimchoma yeye.

Karibuni alimhudumia mama aliyepitiliza siku nane, wakampeleka hospitali akaanzishiwa uchungu, akapata mtoto wa kiume mwenye afya. Baba akasema: huyu ni Raage. Bibi wa mtoto akakataa. Raage anakuja anapotaka mwenyewe, alisema, huyu alitolewa. Baba akahoji, siku nane si kuchelewa? Bibi akasema mashine ndiyo iliyosema siku nane, yeye kwa hesabu yake mtoto alikuwa hajafika. Walibishana mpaka siku ya saba, siku ya akika, na mbuzi akachinjwa ubishi ukiwa palepale. Kwenye karatasi mtoto ameandikwa Abdirahman. Baba bado anamwita Raage, bibi halitambui jina hilo.

Na wewe, Mama, uko upande gani?

"Kucha zilikuwa fupi," alisema. "Lakini mtoto ni wa baba yake."