Kabla ya kununua pedi, pima diski

Katika gereji za vichochoroni Jang'ombe, na kwa kweli katika gereji nyingi za mjini Unguja, ugonjwa wa breki una dawa moja: pedi mpya. Gari likianza kulia linapokaribia mzunguko wa Michenzani, au usukani ukitetemeka kila breki inapokanyagwa, fundi hufungua tairi, huchomoa pedi, huziangalia zimebaki kiasi gani, na mwenye gari hutumwa duka la spea. Diski yenyewe, ile sahani ya chuma ambayo pedi huibana, hupitishiwa kidole, hupigwa msasa kidogo, kisha husahauliwa. Utaratibu huo umekwenda kinyumenyume. Kwenye gari la zamani, hasa gari la kisiwani, cha kwanza kupimwa ni diski, na inapimwa kwa namba.

Namba yenyewe haiko mbali. Diski nyingi zimepigwa chapa, ubavuni au kwenye kofia ya katikati, inayotaja unene wa chini kabisa unaoruhusiwa kwa milimita. Mara nyingi kutu huifunika, na brashi ya waya huifichua. Kwa diski za mbele za magari madogo yaliyojaa barabarani kwetu, Vitz, IST na jamaa zao, tofauti kati ya diski mpya na iliyofika kikomo ni takriban milimita 2 tu, yaani milimita 1 kila uso. Jicho haliwezi kuamua jambo dogo kiasi hicho. Tena diski ina hila yake: ukingo wa nje, ambako pedi haifiki, hauliki. Diski ikishakonda katikati huacha mdomo pembeni, na kifaa cha kupimia kikibana mdomo huo husoma unene ambao diski haina tena. Ndiyo maana chombo sahihi ni mikromita, ambayo ncha zake huingia ndani ya mdomo na kukutana pale pale pedi inapofanya kazi. Hupimwa sehemu kadhaa kuzunguka duara, kwa sababu diski hailiki sawasawa.

Unene una umuhimu gani? Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo lazima lipate pa kukaa kabla upepo haujalichukua. Gari la tani moja likisimamishwa kutoka kilomita 80 kwa saa huzalisha joto la kutosha kuchemsha karibu robo tatu ya lita ya maji, na sehemu kubwa ya mzigo huo, kiasi cha asilimia 70, hubebwa na breki za mbele. Diski iliyokonda ina chuma kidogo cha kulipokea, kwa hiyo hupata moto haraka zaidi na kuusukuma kwenye pedi, kwenye kalipa, mpaka kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yaliyokwisha kunywa unyevu, na hewa yetu haina upungufu wa unyevu, yanaruhusiwa kuchemka yakifika nyuzi 140 tu za Selsiasi. Yakichemka yanakuwa na mvuke ndani, na kanyagio huzama bila gari kusimama. Juu ya hayo, diski nyembamba huilazimu pistoni ya kalipa kutoka nje kupita kawaida yake, na diski yenye matundu ya kupitisha hewa hubakiwa na kuta dhaifu zinazoweza kupasuka.

Mtu atasema: hayo ni ya madereva wa Kitonga au Lushoto, Unguja ni tambarare. Ni kweli hatuna mlima, na Masingini hakufiki hata mita 150. Lakini nguvu inayopaswa kuzimwa haitokani na milima peke yake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Anayetoka mjini kwenda Nungwi au Makunduchi ana zaidi ya kilomita 50 mbele yake, barabara imenyooka, mguu umelala, na ghafla kuna matuta, ng'ombe au watoto wanaotoka chuoni. Breki hiyo moja ya kushtukia inadai zaidi kwa mara moja kuliko breki yoyote ya kusogea polepole Darajani.

Tambarare au si tambarare, adui mkubwa wa diski hapa ni bahari, na sababu ni sifa ile ile iliyoipa jina. Frederick Lanchester alipata hataza ya breki za diski Uingereza mwaka 1902, lakini ulimwengu ulizithamini kweli baada ya Jaguar kushinda mbio za Le Mans mwaka 1953 ikiwa nazo, wakati wapinzani wengi walikuwa bado na breki za ngoma. Siri ya breki hizo ilikuwa kwamba diski hukaa nje, upepo unaipoza. Uwazi huo huo ndio unaoiponza pwani. Chuma chake ni cha kusubu kisichopakwa kitu usoni, na hewa ya chumvi hukipata mchana na usiku. Kutu jepesi la usiku mmoja si tatizo, kwani breki za mwanzo za asubuhi hulifuta. Tatizo ni gari linaloegeshwa wiki nzima wakati wa masika. Kutu huchimba vishimo usoni na kula kuta za ndani za matundu ya hewa, mahali ambapo hakuna anayechungulia. Magari yetu mengi pia hayakuja mapya. Japani ukaguzi wa lazima hufanyika kila baada ya miaka 2, na gharama zake huwafanya wengi wauze mapema. Gari lililotumika mikoa ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, hushuka bandarini Malindi likiwa tayari na kutu lake.

Wapo wanaotetea kuchonga diski kwa mashine ya kukerezea badala ya kununua. Kuchonga si kosa kwa asili yake. Kama diski ina unene wa kutosha na baada ya kuchongwa itabaki juu ya kikomo, uso utanyooka na pesa itaokolewa. Ila anayechonga bila kupima anapunguza kitu ambacho hajui kimebaki kiasi gani, na kwenye nafasi ya milimita 2 mchongo mmoja mzito unaweza kumaliza hesabu yote.

Pingamizi zito zaidi ni la wenye kusema spea mpya sokoni nyingi ni bandia, hivyo heri diski ya mtumba iliyotoka kwenye gari lenyewe. Nalikubali nusu. Diski ya mtumba iliyobaki karibu na unene wake wa mwanzo, isiyo na vishimo, ni bora kuliko mpya ya chuma kisichoeleweka. Lakini utaijuaje bila mikromita? Na ile mpya, kama haina chapa ya unene wala haifanani kwa uzito na ya zamani, irudishwe dukani kabla haijafungwa.

Halafu kuna kazi yenyewe, ambayo huharibiwa zaidi na haraka kuliko na ujinga. Diski iliyoshikwa na kutu kwenye habu haihitaji nyundo. Kwenye magari mengi ya Toyota kuna matundu mawili yenye uzi usoni mwa diski. Ukifunga bolti mbili za milimita 8 na kuzikaza kwa zamu, diski hujisukuma yenyewe nje, na beringi inapona kipigo. Kalipa itundikwe kwa waya, isining'inie kwa mpira wake. Kisha ije hatua inayorukwa kuliko zote: uso wa habu usuguliwe mpaka chuma kionekane. Chembe ya kutu iliyobaki hapo huilaza diski upande kidogo, na mwegemeo unaozidi kiasi cha milimita 0.05 huanza kuila diski mpya bila usawa. Baada ya miezi kadhaa usukani unatetemeka tena, na watu husema diski imepinda kwa sababu ni ya Kichina. Mara nyingi haikupinda. Ilifungwa juu ya uchafu, au nati zilikazwa upande mmoja kwa nguvu za mguu badala ya kukazwa kwa msalaba na kwa kipimo, ambacho kwa Toyota nyingi ndogo ni Nm 103.

Mafundi watanung'unika kwamba mikono yao ina uzoefu wa miaka. Uzoefu huo ni wa kweli, na kwa mambo mengi unatosha, kama kusikia beringi inayokufa au kujua pini ya kalipa iliyokauka grisi. Hautoshi kwa sehemu za mia za milimita. Na hoja ya gharama, kwamba gari lenyewe limechoka halistahili diski mpya, haisimami, kwa kuwa aliyemo ndani na anayevuka barabara hawakuchoka pamoja na gari.

Kwa hiyo, mwenye gari, ukipeleka breki gereji, muulize fundi kabla hujatoa pesa ya pedi: diski ina milimita ngapi, na kikomo chake ni ngapi? Mwambie aandike namba zote mbili, za kushoto na za kulia. Moja ikiwa chini ya kikomo, nunua mbili, kwa sababu diski za mbele hubadilishwa kwa jozi. Kama gereji haina mikromita, wenye magari watatu wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga wakanunua moja na kuiacha kwa fundi wao.