Uji wa Asubuhi: Saga Mwenyewe

Nafaka za pakiti ni ghali, na nyingi zimetiwa sukari. Wimbi wa sokoni una madini mengi ya kalsiamu, yanayoimarisha mifupa, na unamfaa mtoto aliyetimiza miezi 6.

Chambua wimbi utoe mawe, uuoshe, uuanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha usage wa wiki mbili tu.

Usisage njugu, soya na omena pamoja na wimbi. Unga huo huharibika upesi, na soya mbichi humsumbua mtoto tumboni. Pika uji mzito usiomwagika kwenye kijiko, ndipo utie maziwa, au njugu zilizokaangwa na kusagwa laini. Mpe na papai au chungwa, mwili upate madini ya chuma. Chai usimpe, huyazuia.

Nafaka au njugu zenye ukungu, tupa. Mwaka 2004 watu 125 walifariki, wengi Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Basi mama, kagua gunia lako leo kabla ya kwenda kusaga.