Je, Wajua? Kinundu Chini ya Jicho Baada ya Sindano ya Urembo

Matatu nambari 46 hutoka katikati ya Nairobi, ikapita Yaya Centre mtaani Kilimani, ikamaliza safari Kawangware. Kilimani kuna kliniki za urembo. Gatina kuna saluni za nyusi, kope na kucha. Kilimani na Gatina ni wadi za eneo bunge moja, Dagoretti Kaskazini. Habari za fila, yaani sindano ya kujaza mashimo ya uso, husafiri njia hiyo hiyo. Kinachochelewa kufika ni maelezo ya nini cha kufanya uso ukitoa kinundu. Leo yamefika.

Je, wajua kwamba kitu kinachodungwa chini ya jicho kiligunduliwa ndani ya jicho? Mwaka 1934, Karl Meyer na John Palmer wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walikitoa kwenye ute wa jicho la ng'ombe, mnyama kama wale wanaoishia vichinjio vya Dagoretti. Wakakiita asidi ya hayaluroniki. Mwanzo wa jina hilo unatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kioo.

Je, wajua kwamba tayari unayo mwilini? Mtu wa kilo 70 ana takriban gramu 15 za asidi hiyo kwenye ngozi, viungo na macho. Kila siku mwili huvunja karibu theluthi moja na kutengeneza nyingine.

Je, wajua kwamba jogoo naye amechangia urembo? Kwa miaka mingi asidi hiyo ilikamuliwa kutoka upanga wa jogoo, ile nyama nyekundu ya kichwani. Siku hizi nyingi hutengenezwa na bakteria wanaofugwa kwenye matangi ya kiwanda.

Je, wajua kwamba sindano nzima ya fila kwa kawaida ina mililita 1 tu? Zingehitajika sindano 5 kujaza kijiko cha chai. Chini ya macho hutumika kidogo mno, kwa hiyo tone moja likizidi huonekana.

Je, wajua kwa nini huonekana? Ngozi ya hapo ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, takriban nusu milimita. Kadi yako ya ATM ni nene kuliko hiyo. Kwenye shavu, mafuta na nyama huficha kosa la mdungaji. Chini ya jicho hakuna pa kulificha.

Je, wajua kwamba fila isiyo na rangi inaweza kuonekana ya buluu? Ikiwekwa juu juu, mwanga hutawanyika ndani yake na kuacha kivuli cha samawati kama jeraha lisilopona. Hali hiyo ina jina la John Tyndall, mwanafizikia wa Ireland wa karne ya 19, ambaye hakuwahi kumdunga mtu sindano. Yeye alichunguza jinsi mwanga unavyotawanywa na chembe ndogo. Vipodozi huweza kuifunika rangi hiyo, lakini haitoki mpaka fila yenyewe itoke.

Je, wajua kwamba weusi na shimo ni vitu viwili tofauti? Fila hujaza shimo. Weusi wa kurithi, au unaotokana na kuyasugua macho kwa sababu ya mzio na vumbi, uko kwenye rangi ya ngozi, na fila haigusi rangi. Jaribio rahisi: simama mbele ya kioo, elekeza taa usoni kutoka mbele. Kivuli kikipungua, kuna shimo. Weusi ukibaki vile vile, sindano si jibu.

Je, wajua kwamba si kila uvimbe ni kosa? Siku za kwanza jicho huvimba, hubadilika rangi na huweza kuwa na vijinundu. Vingi hutulia ndani ya wiki mbili. Kitambaa chenye baridi na kulala kichwa kikiwa juu husaidia. Mwenye kwenda kudungwa tena siku ya tatu ili "kusawazisha" anarekebisha uvimbe, na uvimbe ukishuka atabaki na ziada.

Je, wajua kwamba asidi hii huvuta maji? Ndiyo maana mwingine huamka na mifuko chini ya macho, hasa akiwa amekula chumvi nyingi usiku uliotangulia, na kufikia mchana mifuko imepungua. Aliyekuwa na mifuko kabla ya sindano ndiye aliye hatarini zaidi kuvimba hivyo, na daktari makini huweza kumkatalia kabisa.

Je, wajua kwamba kukanda kinundu mwenyewe kunaweza kukiharibu? Aliyekudunga anaweza kukuelekeza ukande kidogo siku za mwanzo. Bila maelekezo hayo, vidole huisukuma fila isikotakiwa. Na kinundu kikiwa cha moto, kinauma au kinatoa usaha, usikiguse: hayo huenda ni maambukizi, na dawa yake huandikwa na daktari, hainunuliwi kwa kukisia.

Je, wajua kwamba kinundu kinaweza kutokea miezi kadhaa baadaye? Unapata mafua makali, au jino bovu linatibiwa, kisha mahali palipotulia panavimba. Kinga ya mwili imeamka na kuikuta fila. Desemba 2020, ripoti za majaribio ya chanjo ya korona ya Moderna nchini Marekani zilitaja washiriki 3, kati ya takriban 30,000, waliovimba uso au midomo mahali palipowahi kudungwa fila. Uvimbe huo ulitibiwa ukaisha. Basi daktari akikuuliza historia yako, fila ya mwaka juzi ni sehemu ya historia hiyo.

Je, wajua kwamba "itaisha yenyewe baada ya miezi sita" si ahadi ya kutegemea? Picha za MRI zimeonyesha masalia ya fila usoni zaidi ya miaka 2 baada ya sindano. Uso hautikisiki sana chini ya jicho, na fila hukaa.

Je, wajua kwamba fila ya asidi ya hayaluroniki ina dawa ya kuiyeyusha? Inaitwa hayaluronidesi. Daktari huidunga ndani ya kinundu, nayo huanza kuvunja fila mara moja. Kwa kawaida tofauti huonekana ndani ya siku moja au mbili. Wakati mwingine hurudiwa. Huvunja pia kiasi cha asidi yako ya asili, lakini mwili, kama tulivyoona, ni fundi wa kutengeneza nyingine.

Je, wajua kwamba dawa hiyo imo pia ndani ya sumu ya nyuki? Ndiyo inayoisaidia sumu kusambaa haraka chini ya ngozi. Kwa hiyo aliyewahi kuvimba vibaya au kubanwa pumzi baada ya kuumwa na nyuki au nyigu amwambie daktari kabla ya kuyeyushwa. Hili ni neno la mlangoni, usingoje kulisema ukiwa kitandani.

Je, wajua kwamba dawa hiyo haina kazi kwa fila za aina nyingine? Silikoni haiyeyuki. Chembe za plastiki haziyeyuki. Hapo hubaki sindano za kupunguza uvimbe au kisu, na kisu chini ya jicho huacha alama.

Je, wajua kwamba dunia ilikwisha kuliona somo hili? Mwaka 1899 daktari Robert Gersuny wa Vienna alianza kuwadunga watu jeli ya petroli, yale mafuta mazito ya kujipaka. Wengine wakafuata na nta ya mafuta, kama ile ya mishumaa. Miaka ikapita, vikatokea vinundu vigumu, vidonda na nyuso zilizopinda. Gladys Deacon, Mmarekani aliyesifiwa kwa uzuri kote Ulaya na aliyeolewa na Duke wa Marlborough mwaka 1921, alikuwa amedungwa nta kwenye pua. Nta ikateremka hadi kidevuni.

Je, wajua kwamba hata ngamia wamenaswa? Desemba 2021, katika Tamasha la Ngamia la Mfalme Abdulaziz nchini Saudi Arabia, zaidi ya ngamia 40 walitolewa kwenye shindano la urembo kwa sababu wenye mali walikuwa wamewadunga Botox na fila au kuwatengeneza kwa hila nyingine. Waamuzi walitumia vifaa maalumu kuwagundua.

Je, wajua kwamba fila iliidhinishwa kwa mikunjo ya kando ya mdomo muda mrefu kabla ya chini ya macho? Nchini Marekani, fila ya kwanza ya aina hii, Restylane, ilipita mwaka 2003. Ya kwanza kuidhinishwa mahsusi kwa mashimo ya chini ya macho, Juvéderm Volbella, ilipita mwaka 2022. Katikati ya miaka hiyo madaktari waliitumia hapo kwa ujuzi na hiari yao.

Je, wajua kuhusu kalamu isiyo na sindano? Huuzwa mtandaoni, nayo husukuma fila kupitia ngozi kwa nguvu ya hewa. Oktoba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasiitumie. Mkono hauwezi kuamua fila itue wapi, na karibu na jicho jambo hilo ni hatari kubwa.

Je, wajua hatari yenyewe? Mishipa ya damu ya uso imeungana na mishipa ya jicho. Fila ikiingia kwenye mshipa inaweza kuziba damu ya jicho na kupofusha. Hutokea kwa nadra, lakini ikitokea muda wake huhesabiwa kwa dakika. Dalili ni maumivu makali ya ghafla, ngozi kupauka au kutoka madoa kama wavu, na kuona ukungu au giza. Kwenye ngozi nyeusi kupauka huweza kujificha, kwa hiyo yaamini maumivu na macho yako. Usiende nyumbani kulala. Nenda hospitali kubwa yenye idara ya macho, kama Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, saa hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba unaweza kumkagua mdungaji ukiwa stejini? Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lina orodha mtandaoni ya madaktari na vituo vyenye leseni. Dawa na vifaa vya tiba viko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Mwaka 2024, mwanamke mmoja alipofariki baada ya upasuaji wa kunyonya mafuta jijini Nairobi, KMPDC iliifunga kliniki husika. Orodha ile ni ya kusomwa kabla, maana kufunga mlango hakumrudishi aliyekwisha kuondoka.

Je, wajua swali la kwanza atakalokuuliza daktari ukimpelekea kinundu? Hataanza na bei wala mtaa. Atauliza: "Ulidungwa nini?" Ikiwa ni asidi ya hayaluroniki, ana dawa. Ikiwa ni silikoni, atakuwa mwangalifu. Ukimjibu "sijui", ataanza kupapasa gizani, na kinundu ni chako.

Je, wajua kwamba jibu la swali hilo limeandikwa? Paketi halali ya fila huja na kibandiko chenye jina la bidhaa na nambari ya toleo, kinachobanduliwa na kuwekwa kwenye faili yako. Omba paketi ifunguliwe mbele yako, kisha piga picha ya kibandiko kabla hujalala kitini. Picha moja ya simu. Anayekukataza kuipiga amekwisha kukujibu swali lingine.